Sahani ya Muhuwesi

Kalenda ya chama cha msingi, ya mwaka juzi,
nimeigeuza mgongo na kuitandaza mezani.
Kona nne nimezibana: kopo la chumvi, redio,
kikombe cha chai, goti la mjukuu.
Malipo ya pili ya korosho yameingia Jumanne.
Gari la mwanetu tumeazimwa siku tisa.
Haya, Shaweji, nieleze njia.

Anaieleza kama anayesoma risiti:
Mtwara, Masasi, lita ishirini.
Masasi, Tunduru, usisinzie.
Tunduru, Songea, angalia breki.
Songea, Mbinga, Mbamba Bay, umefika.
Miaka ishirini na sita kwenye usukani wa lori,
na nchi yote kwake ni matuta, mizani,
na askari wa tochi aliyejificha nyuma ya mkorosho.

Mimi sikuolewa na mita ya mafuta.
Mimi nataka kusimama.

Nachora kiduara: Newala.
Nataka kuchungulia Shimo la Mungu alfajiri,
ukungu ukiwa bado umelala kule bondeni,
nione Ruvuma, na ng'ambo yake
alikotoka bibi yangu Nantupa
na jembe moja na chale zake usoni.
"Kupitia Newala ni kuzunguka," anasema.
Ndiyo, namwambia, ndiyo maana yanaitwa matembezi.

Kiduara: Masasi.
Ile miamba ameipita mara elfu
hajaugusa hata mmoja.
Nitashuka saa nane mchana
niweke kiganja kwenye jiwe
nijue linatunza joto kiasi gani.

Kiduara: Tunduru, si kwa ajili ya vito,
sina shingo ya vito.
Nataka tu kuwaona wanaume wazima
wakiinua kokoto juani, jicho moja wamelifumba.

Na kiduara kikubwa, mwisho kabisa: ziwa.
Miaka hamsini na minane nimekaa kando ya maji yasiyonyweka.
Nataka nipige magoti mbele ya maji makubwa
niyanywe.

Akaichukua kalamu.
Nikajua anakuja kuifuta Newala.
Akaweka nukta, hata duara hakuchora,
kati ya Mangaka na Tunduru, penye karatasi tupu.
Hapo pana nini?
"Muhuwesi."
Na Muhuwesi pana nini?

Akainuka. Akaenda jikoni
akarudi na sahani ya bati yenye ukingo wa buluu,
ile ninayochambulia mchele miaka yote hii
nikidhani ni ya marehemu mama yake.

Masika, barabara ikiwa bado ya udongo,
lori lilizama hadi kwenye ekseli.
Siku nne, yeye na utingo wake Mchekenje.
Mama mmoja, nyumba ya tatu kutoka mtoni,
aliwaletea ming'oko ya moto kila jioni
na hakuuliza majina.
Usiku wa nne likaja trekta, wakavutwa gizani,
kelele, honi, matope,
sahani ikabaki juu ya dashibodi.

"Nimepita pale mara ngapi," anasema.
"Mzigo. Tajiri. Saa.
Halafu nikaona haya.
Unarudije na sahani baada ya miaka saba?
Baada ya kumi?"
Anaifuta kwa mkono wa shati, na ni safi.

Nimekata Songea, hatulali Songea.
Siku moja ya ziwa nimeipunguza pia, iniume.
Kwenye orodha, chini ya jeki na tairi la akiba,
niliandika: sahani.
Nikafuta. Nikaandika upya:
sahani, na cha kuweka juu yake,
kwani chombo cha mtu hakirudi kitupu.
Korosho kilo mbili. Nitazibangua mwenyewe,
nzima nzima, zisivunjike.

"Na kama hayupo?"

Mjukuu kachoka, kaondoa goti.
Kona ya Mbamba Bay imejikunja,
ziwa limefunikwa.
Tutauliza nyumba ya tatu, nasema.
Shika kona hiyo. Tuanze tena, toka hapa.